Kila Tundu Liwe na Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa EWURA

KWA: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), Dodoma.

NAKALA: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mafundi wa sola popote mlipo.

YAH: UKAGUZI WA PAA KABLA NA BAADA YA KUFUNGA PANELI ZA SOLA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi paa wa Tanga. Napiga kenchi, nalaza papi, naezeka bati. Miaka ya karibuni imeniongezekea kazi ambayo sikuitafuta: naitwa kuziba paa ambalo halikuvuja hata tone hadi lilipofungwa sola.

Nikifika nakuta mabishano yaleyale. Fundi wa sola anasema kazi yake haina kasoro, na ni kweli, maana taa zinawaka na betri inajaa. Fundi aliyeezeka nyumba anasema alipoondoka paa lilikuwa zima, na hilo nalo ni kweli. Katikati yupo mwenye nyumba, ameshawalipa wote wawili, na ndoo iko sebuleni inakinga maji. Kila mmoja anajua tundu lilipo. Hakuna anayekubali kuwa ni lake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Naomba mamlaka yenu iweke utaratibu wa paa kukaguliwa kabla ya paneli kupanda, kukaguliwa tena siku ya makabidhiano, na kila tundu lililotobolewa kwa ajili ya sola liwe na mtu anayeliwajibikia kwa maandishi. Nawaandikia ninyi kwa kuwa leseni ya fundi umeme inatoka kwenu. Mtu mliyemwamini kugusa umeme wa watu ndiye huyohuyo anayepanda juu na drili.

Nisieleweke vibaya kuwa napinga sola. Zahanati isiyofikiwa na gridi inatunza chanjo kwa friji ya sola. Mama anajifungua usiku kwenye mwanga. Mtoto anasoma bila kuvuta moshi wa kibatari. Kwa sababu kitu hiki ni kizuri, kinatakiwa kidumu. Paneli nyingi huuzwa zikiwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Bati jembamba la huku pwani, linalopigwa na chumvi ya bahari mchana na usiku, linaweza kuanza kula kutu kabla paneli haijafika nusu ya umri huo. Siku hiyo ikifika, fremu zote zitashushwa, nyaya zitafunguliwa, bati litabadilishwa, kisha kila kitu kitarudi juu na matundu yatatobolewa upya. Gharama hiyo haimo kwenye ankara aliyopewa mteja.

Kinachotokea juu ya bati

Watu wakizungumzia sola na paa, hutaja uzito kwanza. Uzito upo. Paneli moja ya wati 550 ina urefu wa zaidi ya mita 2, upana wa zaidi ya mita 1, na uzito wa karibu kilo 28. Weka nane, umevuka kilo 220 kabla hujahesabu fremu. Kenchi nyingi za mitaani kwetu zilipigwa kwa hesabu ya bati peke yake, na papi zake ni mbao ambazo nyingine hazikutiwa dawa. Mchwa akishapita ndani ya papi, kwa nje mbao inaonekana nzima. Ukiigonga kwa nyundo ndipo inajibu kwa sauti ya uwazi.

Lakini adui mkubwa kuliko uzito ni upepo. Paneli iliyoinuliwa juu ya fremu inaupa upepo nafasi ya kuingia chini yake na kuisukuma juu. Nguvu hiyo ni kali zaidi kwenye kona, kwenye kingo na karibu na kofia ya paa, na mara nyingi ndiko paneli zinakosogezwa ili zote zienee. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu upande wa kusini, karibu na Mafia. Tulizoea kusikia vimbunga ni habari za Msumbiji. Sasa tunajua upepo wa aina hiyo una njia ya kufika kwetu.

Upepo hauhitaji kung'oa paneli ndipo ulete hasara. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3. Skrubu ya fremu ikishika bati tu bila kuifikia papi, kwa kweli haijashika kitu. Kila upepo unaitikisa, tundu linapanuka kidogo kidogo, na lile lililokuwa duara linakuwa jicho. Paneli haijaruka bado, ila maji yameshaingia misimu kadhaa, na papi inaoza polepole mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kisha kuna mahali pa kutoboa. Kwenye bati la mawimbi, tundu linakaa juu ya mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni. Kila mwanafunzi wa kuezeka anafundishwa hivyo mapema. Fundi wa sola aliyefunzwa waya tu anatoboa bondeni kwa sababu mguu wa fremu unakaa vizuri pale. Tundu hilo litaogelea kila mvua inaponyesha. Ataongeza silikoni, na hapo kosa la pili linaanza. Silikoni yenye harufu kali ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo inakula zinki inayolilinda bati. Hata ile isiyo na siki haiwezi kuchukua nafasi ya mpira wa skrubu. Bati la saa nane mchana halishikiki kwa mkono, na mvua ya jioni inalipoza kwa dakika chache. Linatanuka na kusinyaa kila siku ya Mungu, na gundi iliyopakwa ovyo inabanduka.

Mpira wa skrubu wenyewe una adabu yake. Ukikazwa mno unabinywa, unatokeza nje na kupasuka. Ukilegezwa, maji yanapita chini yake. Ukikazwa sawasawa, unaonekana umejibana kidogo tu kuizunguka kofia ya skrubu. Mpira wa bei ya chini unakauka juani na kuvunjika kama biskuti, na fundi aliyenunua skrubu za kupima kwa kilo hana namna ya kujua mapema ni upi wenye ubora. Hapo ndipo naomba TBS waangalie.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana siku ya kazi. Vumbi la chuma linalotoka kwenye drili likiachwa juu ya bati, umande wa kwanza unaligeuza kutu, na baada ya muda mfupi paa jipya lina madoa mekundu. Mwenye nyumba humlaumu muuza bati. Waya wa ethi wa shaba ukilazwa moja kwa moja juu ya bati, maji ya mvua yanayouosha yanashuka yakila zinki iliyo chini. Karibu na bahari yote haya yanaenda haraka zaidi.

Maji yakikutana na umeme

Mpaka hapa nimezungumzia mbao na bati, mambo ambayo mtu anaweza kusema si ya EWURA. Sasa naingia kwenye eneo lenu.

Paneli inazalisha umeme maadamu kuna mwanga. Ukizima swichi kuu ya nyumba, nyaya zinazotoka juu kwenda kwenye inveta bado zina umeme. Paneli kubwa kumi zilizounganishwa kwa mfululizo zinaweza kuvuka volti 400 za DC. Mkondo wa DC ukiruka kwenye muungano uliolegea, cheche yake haizimiki upesi kama ile ya umeme wa kawaida wa nyumbani, na mioto ya aina hii huanzia palepale juu.

Fikiria waya uliofungwa kwa kamba ya plastiki isiyostahimili jua. Kamba inakatika, waya unashuka na kulala juu ya bati, upepo unausugua kwenye ukingo mkali, ganda linachubuka. Mvua ikinyesha, paa zima la bati linaweza kubeba umeme, pamoja na gata, na pamoja na ngazi ya chuma niliyoiegemeza mimi fundi paa niliyeitwa kuziba tundu. Ndiyo maana nasema fundi paa asipande kwenye paa lenye sola bila fundi umeme kukata na kupima, na fundi umeme asitoboe bati bila kujua kinachomsubiri chini yake. Kazi hizi mbili zimekutana juu ya paa moja, ila kwenye karatasi bado kila moja iko kivyake.

Ukaguzi wenyewe ulivyo

Naandika hatua hizi ili ionekane kwamba ninachoomba hakihitaji maabara wala mtaalamu kutoka nje.

Ukaguzi huanzia ndani, mchana, darini, taa ikiwa imezimwa. Nukta yoyote ya mwanga ni njia ya maji. Kisha washa tochi na ufuate papi: doa jeusi, mbao laini inayoingia ncha ya bisibisi, unga wa mbao chini, mstari wa kutu kuizunguka skrubu. Kwenye siling bodi tafuta miduara ya kahawia. Ukumbuke kuwa mara nyingi doa haliko chini ya tundu. Maji huingia juu, hutambaa chini ya bati au ubavuni mwa papi, na kudondoka mahali pengine kabisa. Anayeziba juu ya doa anaweza kuziba pasipo na tundu.

Si kila tone ni uvujaji. Lushoto, Njombe na kwingine kwenye baridi, bati hutoka jasho usiku, na asubuhi matone hudondoka bila mvua kunyesha. Jasho huenea paa zima. Uvujaji unachagua mahali na unafuata mvua. Mteja akiambiwa tofauti hiyo, hatatozwa fedha ya kuziba kitu ambacho dawa yake ni kuruhusu hewa ipite.

Baadaye ndipo unapanda nje, bati likiwa kavu. Unapima kila mguu wa fremu kwa mkono: unacheza au umetulia? Unaangalia mpira wa kila skrubu. Unapitia mahali waya unapoingia ndani, maana hapo huvuja mara nyingi. Waya ulegezwe ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi kwenye inveta. Unachungulia chini ya paneli. Majani ya mwarobaini na mwembe hujikusanya nyuma ya reli za fremu, yanazuia maji, na maji yaliyozuiwa hupanda juu ya maungio ya bati. Kunguru na njiwa hujenga humo, na panya hula maganda ya nyaya. Usikanyage paneli kamwe, hata kama haikupasuka. Nyufa zisizoonekana kwa macho zinapunguza umeme na zinaweza kuleta joto mahali pamoja.

Kama tundu bado halijaonekana, mtu mmoja abaki darini na mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani, kwa utaratibu, akianzia chini na kupanda sehemu moja baada ya nyingine, dakika kadhaa kila sehemu. Akianza juu, hatajua ni tundu gani limeingiza. Maji yasielekezwe kwenye viunganishi vya nyaya, na kazi hii ifanywe baada ya fundi umeme kukata mfumo na kujiridhisha.

Paa lisilo la bati lina sheria zake. Kwenye zege, bolti iliyotobolewa kupita kwenye tabaka la kuzuia maji inafungua mlango wa unyevu utakaotokea ukutani baadaye. Heri fremu ikae juu ya matofali mazito yaliyowekewa mpira chini, palipo na nguvu ya kutosha na mahesabu ya upepo. Makuti hayabebi paneli, kwa uzito na kwa hofu ya moto. Majengo ya zamani yenye paa la asbesto yasiguswe na drili hata kidogo: vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na shiti lililozeeka hupasuka chini ya mguu wa mtu.

Ukaguzi ufanyike kabla ya kufunga, siku ya makabidhiano, na baada ya mvua kubwa ya kwanza. Baada ya hapo iwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli kwa sisi wenye misimu miwili, na mara moja kabla ya mvua kwa mikoa yenye msimu mmoja. Dhoruba ikipita, usisubiri tarehe.

Ninachoomba

Kwanza, karatasi ya makabidhiano ya kila kazi ya sola iwe na ukurasa wa paa. Ukurasa huo uwe na picha za paa na za papi kabla ya kazi, mchoro mdogo unaoonyesha kila tundu, aina ya skrubu iliyotumika, na sahihi ya mwenye leseni. Ndani yake iandikwe kuwa uvujaji wowote kwenye eneo la paneli, kwa muda usiopungua mwaka mzima wa mvua, ni jukumu lake. Fundi aliyekuta paa bovu naye analindwa na ukurasa huohuo, kwa sababu picha zitasema alilikuta vipi.

Pili, VETA wawakutanishe wanafunzi. Ufundi umeme na ufundi ujenzi tayari vinafundishwa chini ya taasisi moja. Mwanafunzi wa sola apande paa na mwanafunzi wa useremala, wa useremala amwonyeshe papi iko wapi, na wa sola amwonyeshe waya upi haukatiki kwa swichi.

Tatu, TBS wazimulike skrubu, mipira na gundi zinazouzwa madukani, kama wanavyolimulika bati lenyewe.

Nne, majengo ya umma yatangulie. Sola ikifungwa kwenye shule au zahanati, mkataba uwe na fungu la ukaguzi wa paa kila mwaka. Maji yakimwagika juu ya friji ya chanjo, hasara haiishii kwenye bati.

Najua jibu moja linalokuja: hii itaongeza gharama na kuwasukuma wateja kwa mafundi wa vichochoroni wasio na leseni. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini ukurasa mmoja na picha za simu havimfilisi fundi, na bei ya kubadilisha papi zilizooza ni kubwa kuliko posho ya saa chache za ukaguzi. Tena utaratibu huu unampa mteja sababu ya kumtafuta mwenye leseni. Leo hii, mteja anayevujiwa na fundi mwenye leseni hana anachomzidi yule aliyevujiwa na asiye nayo.

Jibu la pili ni kwamba paa bovu liachwe, paneli ziwekwe chini uani au kwenye nguzo. Ni ushauri mzuri kwa nyumba nyingi, hasa za makuti na za kenchi dhaifu. Watu hawaufuati kwa sababu ya wizi. Fundi amweleze mteja faida na hatari za pande zote mbili, mteja achague, na uamuzi wake uandikwe.

Kwenu mafundi wenzangu wa sola: sina ugomvi nanyi. Mnapanda juu kwenye jua kali, mnalipwa kwa wati zilizowashwa, na hakuna anayewalipa kwa tundu lisilovuja. Daini malipo ya kazi hiyo. Andikeni kwenye makadirio yenu mstari wa ukaguzi wa paa, na kama hamjui paa, mleteni anayejua.

Nawe mwenye nyumba, kabla hujalipa fedha ya mwisho, muulize fundi: skrubu imeshika papi au bati? Waya unaingia wapi? Picha za chini ya paneli ziko wapi? Nikivujiwa masika, nani anarudi, na ameandika wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, maswali hayo mwananchi asiachiwe kuuliza peke yake. Yaingizeni kwenye masharti ya leseni, ili anayetoboa paa la mtu awe ndiye anayerudi kuliziba, kwa gharama yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Paa,
Tanga.